Jinsi ya Kufuatilia Nasaba ya Mwanamke wa Kiswisi Aliyehamia Marekani Enzi za Ukoloni

Mwanamke aliyetoka Uswisi na kuhamia Pennsylvania au Carolina katika karne ya 18 huonekana kwa nadra katika nyaraka, na pale anapoonekana huwa amefunikwa na jina la mumewe. Anayeanza utafiti kwa kuandika jina la bibi huyo katika tovuti za nasaba huishia kupata wanawake kumi wanaofanana majina, wote wakiwa wamebandikwa wazazi ambao hakuna aliyewathibitisha. Njia salama ni kuwafuata kwanza watu waliomzunguka, yaani mume, watoto, majirani na wasimamizi wa ubatizo, mpaka kipatikane kijiji alikotoka baba yake. Pasipo kijiji hicho, rejesta za Uswisi hazitakusaidia.

Sababu ni kwamba Mswisi, hata leo, huandikwa kuwa mwenyeji wa kijiji au mji maalumu, unaoitwa Heimatort kwa Kijerumani, na haki hiyo hurithiwa hata kama familia haijaishi huko kwa vizazi vitatu. Katika enzi tunayoizungumzia, mwanamke aliyeolewa alihamishiwa kijiji cha mumewe, na kwa hiyo kumbukumbu ya ndoa ndiyo inayounganisha vijiji viwili: kile alichozaliwa nacho na kile alichoolewa nacho. Kwa upande mwingine, makarani wa Uswisi walikuwa na desturi ya kumwandika mke kwa jina la ukoo wa baba yake, jambo ambalo msomaji wa pwani yetu, aliyezoea kusikia "binti fulani" hata baada ya mwanamke kuolewa, hataliona geni. Desturi hiyo ilipotea mara tu alipoingia katika vitabu vya Waingereza.

Anza, basi, na upande wa Marekani. Kuanzia mwaka 1727 wanaume wageni waliofika Philadelphia, wenye umri wa miaka 16 na zaidi, walitakiwa kula kiapo cha utii, na orodha zao zimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo huko Harrisburg. Wanawake hawakuapa. Majina yao yanapatikana tu katika baadhi ya orodha za manahodha, hasa za miaka ya 1730, ambazo ziliwataja wake na watoto pia. Usikate tamaa usipomwona. Mtafute baba, kaka au mume, kisha usome majina yaliyoandikwa juu na chini ya jina lake, kwa kuwa watu wa kijiji kimoja walisafiri pamoja na mara nyingi walisimama pamoja kwenye foleni ya kiapo. Kumbuka pia kwamba maofisa wa Kiingereza waliwaita wageni hawa wote "Palatines", kana kwamba wote walitoka Palatinate ya Ujerumani, na neno hilo pekee halithibitishi wala halikanushi Uswisi.

Majina ya kwanza husaidia kuliko watu wengi wanavyodhani. Regula ni jina la mtakatifu mlinzi wa Zürich, na ukilikuta katika rejesta ya Pennsylvania una haki ya kuelekeza macho Zürich. Verena nalo ni jina la Kiswisi hasa, lakini makarani wa Marekani walilichakaza: utalikuta kama Veronica, Fronica, Franey, hata Fanny. Majina ya ukoo yalipatwa na mambo hayo hayo; Huber akawa Hoover, Müller akawa Miller, na baadhi ya akina Zimmermann wakatafsiriwa kabisa kuwa Carpenter. Aidha, mwandishi wa Kijerumani alimwongezea mwanamke silabi "-in" mwishoni mwa jina la ukoo, hivyo "Huberin" ni binti au mke wa ukoo wa Huber, si ukoo mwingine. Nimeona miti ya ukoo iliyojengwa juu ya kosa hilo moja.

Rejesta za makanisa ya Kireformed (Waprotestanti wa mkondo wa Zwingli na Calvin) na Kilutheri ndizo zenye utajiri mkubwa. Katika ubatizo wa watoto wake, angalia wasimamizi: dada, shemeji na binamu walipendelewa, na jina la msimamizi mmoja linaweza kukufikisha kwenye familia ambayo asili yake inajulikana. Kwa South Carolina, rejesta iliyoanzishwa na mchungaji Giessendanner huko Orangeburg mwaka 1737 ni ya thamani sana. Katika koloni hilo ardhi ilitolewa ekari 50 kwa kila mtu wa kaya, mke na watoto wakihesabiwa, na kwa hiyo maombi ya ardhi hueleza ukubwa wa familia hata pale majina ya wanawake yanapokosekana.

Wamennonite, Wakristo waliobatiza watu wazima tu, ni suala jingine, kwa kuwa hawakubatiza watoto wachanga. Hawa walianza kukaa eneo la Pequea, katika Kaunti ya Lancaster ya leo, mwaka 1710, wengi wao wakiwa na asili ya Bern na Zürich. Msomaji wa mkoa wa Mara atakumbuka kwamba wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walitumwa kutoka Lancaster hiyo hiyo, na kwamba jina la Stauffer, alilokuwa nalo mmoja wao, asili yake ni Bern. Kwa familia hizi tegemea wasia na hati za mashamba. Wasia wa baba unaomtaja "binti yangu, mke wa fulani" ni ushahidi bora kuliko wote. Kabla ya mwaka 1729, kaunti hiyo ilipoundwa, utafute katika Kaunti ya Chester au Philadelphia. Jihadhari na maneno ya Kiingereza cha wakati ule: neno "son-in-law", ambalo leo linamaanisha mkwe wa kiume, lilitumika pia kwa mtoto wa kambo. Tena, familia nyingi za Kimennonite zilikaa Palatinate kwa kizazi kimoja au viwili kabla ya kuvuka bahari, na hivyo "Mswisi" wako huenda alizaliwa Ujerumani.

Usipuuze gazeti la Kijerumani lililochapishwa Germantown, karibu na Philadelphia, na Christoph Saur kuanzia mwaka 1739. Humo wahamiaji walitangaza kuwatafuta ndugu zao, wakitaja kijiji walichotoka.

Kijiji kikishajulikana, vuka bahari. Mwaka 1744 serikali ya Zürich iliwataka wachungaji waorodheshe watu wote waliohama tangu 1734, na orodha hizo, zilizochapishwa Marekani mwaka 1920, zinawataja wanawake pamoja na tarehe za ubatizo za wengi wao. Za Bern na Basel zilifuata mwaka 1925. Zürich ina pia madaftari ya kaya yaliyoandikwa na wachungaji kuanzia mwaka 1634, yanayoonyesha mama, baba na watoto wakiwa chini ya paa moja. Mfano mzuri ni Esther Werndli, mke wa mchungaji Moritz Götschi aliyeongoza msafara ulioondoka Zürich Oktoba 1734. Mumewe alifariki mara baada ya kufika Philadelphia mwaka 1735, na barua ya mwanawe kwa watu wa Zürich ndiyo iliyosimulia maafa ya safari hiyo. Anayemtafuta kwa jina la Götschi peke yake atampoteza. Anayemtafuta kwa jina la Werndli ataufikia ukoo wake.

Tarehe nazo zina mtego. Zürich na Bern zilipokea kalenda mpya, ya Gregori tunayoitumia leo, mwaka 1701, lakini makoloni ya Uingereza yalibaki na ya zamani hadi 1752, nyuma kwa siku 11, na mwaka wao ulianza Machi 25. Ubatizo wa mwanzoni mwa Februari 1739 kwa hesabu ya Philadelphia ni Februari 1740 kwa hesabu ya Zürich.

Utakapoupata ubatizo unaolingana na jina, kijiji na umri, usifunge faili bado. Fungua rejesta ya mazishi ya parokia hiyo na usome miaka kumi na mitano inayofuata, kwa kuwa watoto wengi walikufa wadogo na wazazi walimpa mtoto aliyefuata jina lile lile. Verena uliyempata huenda alizikwa akiwa na miaka miwili, na aliyepanda meli akawa mdogo wake.