Kilimo hai cha mikunde maeneo makavu: kagua mizizi kabla ya majani

Mkulima wa maeneo makavu hahitaji kuambiwa kwamba kunde, choroko, mbaazi na dengu huvumilia ukame. Hilo analijua vizuri. Anachokosa mara nyingi ni ujuzi wa yale yasiyoonekana: yanayotokea ardhini, na yanayoanzia kwenye ganda kabla ya mavuno. Kwenye kilimo hai pengo hilo huumiza zaidi, kwa kuwa hakuna mbolea ya chumvichumvi wala sumu ya dukani ya kuokoa msimu. Kuacha tu kupiga dawa hakulifanyi shamba kuwa la kilimo hai.

Mimea inapoanza kutoa maua, chimba michache kwa jembe kutoka pembe tofauti za shamba. Usiing'oe kwa mkono, vinundu, yaani vivimbe vidogo vilivyo kwenye mizizi, vitakatikia ardhini. Suuza mizizi taratibu kwenye ndoo ya maji, kisha pasua vinundu kwa wembe. Vikiwa vya waridi au vyekundu ndani, bakteria wanaoitwa rhizobia wako kazini: wanachukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Vikiwa vyeupe au vya kijani, au havipo kabisa, mmea unategemea akiba ya udongo peke yake.

Hapo tafuta sababu. Huenda udongo una upungufu wa fosforasi au tindikali nyingi, au bakteria wanaofaa hawamo. Kunde hupatana na bakteria wengi wa asili, lakini dengu huchagua. Kama haijawahi kulimwa shambani hapo, mbegu zake zipakwe bakteria wa dengu. Zipake kivulini, panda siku hiyohiyo na kufukia mara moja, kwani jua kali huwaua bakteria.

Kuna kosa moja linalofanywa kwa nia njema kabisa: kujaza samadi kwenye mikunde. Naitrojeni ikiwa tele udongoni, mmea huunda vinundu vichache, hunenepa majani na kuzaa maganda haba. Ushauri wangu ni kuipeleka samadi iliyoiva kwenye mtama au uwele, kisha mikunde ifuate msimu unaokuja.

Maji ya mvua yazuiwe yasikimbie. Lima kwa kukingama na mteremko, halafu ziba mifereji kwa udongo kila baada ya mita moja au mbili. Kwenye udongo mzito unaotuamisha maji usizibe, kwani mizizi ya mikunde huhitaji hewa. Palilia mapema, kabla magugu hayajanywa unyevu wa mbegu ulizopanda.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea, wakionekana, angalia kwanza kama wana maadui. Lava, yaani mdudu ambaye bado hajakomaa, mdogo mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, ambaye wengi humponda wakidhani ni mharibifu, akikua huwa yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi, na katika hatua zote mbili hula vidukari. Ikibidi kunyunyiza, twanga kokwa za mwarobaini, loweka gramu 50 kwa kila lita ya maji usiku kucha, chuja, kisha nyunyiza jioni. Jua hudhoofisha dawa hiyo haraka, na asubuhi nyuki huwa kwenye maua ya kunde.

Wakati wa kuvuna, kata mashina na kuacha mizizi ardhini. Usiache maganda makavu yakae shambani, kwa sababu fukusi, wadudu wanaotoboa punje, hutaga juu yake na hivyo huingia ghalani pamoja na mazao yako. Anika hadi punje ivunjike kwa mlio ukiing'ata. Ukiona vidoa vyeupe vilivyoganda kwenye punje, hayo ni mayai. Ndani ya takriban mwezi mmoja watatoka fukusi wapya. Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, au changanya na majivu makavu yaliyochekechwa, yakaribie ujazo wa kunde zenyewe. Mfuko ukishafungwa, usiufungue mara kwa mara: fukusi waliomo hufa kwa kukosa oksijeni, na kila ukifungua unawaletea hewa mpya.