Mtetea apewe vifaranga usiku

Mtetea aliyelalia mayai siku 21 hajui kama ni yake au ya jirani. Ndiyo maana hapa Dar unaweza kumkuta mama kuku akihangaika ukingoni mwa dimbwi huku "wanawe" wa bata wakiogelea. Sisi wafugaji tuna faida hapo: unaweza kumpa vifaranga walioanguliwa na mashine awalee kama wake. Umeme ukikatika Goba saa nane usiku, balbu inayopasha joto vifaranga wa mashine inazima. Mbawa za kuku hazizimi.

Wengi wanaharibu kwenye muda wa kumpa. Mimi mwenyewe, mara ya kwanza, nilichukua vifaranga sita wa siku tano nikawamwaga mbele ya mtetea mwenye watoto wake, saa nne asubuhi, jua linawaka. Aliwadonoa vichwani, wawili wakafa kabla sijamkamata. Nilimtukana sana yule kuku, bure tu. Siku chache za mwanzo mama na watoto hujifunzana sauti na sura. Kumbe huanza kuitikiana hata kabla yai halijapasuka. Wakishazoeana, mgeni hana nafasi.

Kwa hiyo tafuta kuku anayeatamia kwelikweli: anavimbisha manyoya, anakoroma ukimgusa, haondoki kiotani ila kwenda kula na kunya mara moja kwa siku. Anayekurupuka ukisogea mwache. Afadhali awe amelalia wiki mbili na zaidi, hata kama ni mayai viza. Dawa ya utitiri na chawa mpulizie siku kadhaa kabla ya kuangua, si usiku wa kumpa vifaranga. Usiku huo, giza likishaingia, kazi yako ni moja: chukua kifaranga wa siku moja au mbili, mtelezeshe chini ya tumbo, toa yai moja. Sikiliza. Akitoa mlio mzito wa chini, wa taratibu, ongeza wengine. Alfajiri uwe hapo kabla hajawaona vizuri; akidonoa kwa hasira, waondoe.

Rangi nayo ina mambo yake. Mtetea mwenye watoto weusi watupu anaweza kumkataa wa njano, basi wachanganye usiku uleule wanapoanguliwa.

Faida kubwa kwa kuku wa kienyeji ni hii: atamisha matetea watatu siku moja, wakiangua wape wawili walee wote, kila mmoja asizidi vifaranga 15 au hivi, kadiri mbawa zake zinavyofunika. Wa tatu atarudi kutaga mapema badala ya kuzunguka na watoto miezi miwili au zaidi.

Mayai ya kanga huchukua siku 26 hadi 28, ya bata 28 hadi 35 kwa kutegemea aina. Usiyachanganye na ya kuku kwa siku moja. Wa kwanza wakitoka siku ya 21, mama anaondoka nao na mengine yanapoa.

Na kunguru. Wale wenye shingo ya kijivu, waliotoka India, hawamwogopi mtu wala mama kuku. Wafunike mama na watoto kwenye tenga au banda lenye wavu wiki tatu hivi, maji kwenye sahani yenye vijiwe wasizame, na chanjo ya kideri uifuate kwa ratiba ya mtaalamu wa mifugo wa kata yako.