Besi ikizima katikati ya shughuli

Nianze na kosa langu. Tulikuwa Muheza, kichen pati, saa tatu usiku. Mwali yuko mlangoni amefunikwa kanga, somo yake kamshika mkono, akina mama wamesimama wanapiga vigelegele. Umeme ukakatika, jenereta ikawashwa kwa pupa, na mimi sikuwa nimezima kitu hata kimoja. Besi ya kushoto, yaani spika kubwa ya mdundo mzito, ikatoa mlio mmoja kama debe tupu lililopigwa teke, kisha kimya. Spika ya juu ya upande uleule nayo ikanyamaza. Badala ya kuangalia waya zimepitaje, nikachukua bisibisi nikaanza kufungua mgongo wa besi, simu nimeibana kwa meno inimulikie. Zikaisha dakika ishirini. Mwali akaingia kwa makofi na ngoma ya kiti cha plastiki. Walimpokea vizuri sana, ila mimi niliyelipwa ndiye nilikuwa chini ya meza.

Mimi ni DJ wa shughuli. Muziki wangu ni besi mbili za inchi 18 zenye amplifaya ndani, spika mbili za juu za inchi 12, miksa ndogo ya kuchanganyia sauti na laptopu. Vyote vinaingia kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, pamoja na mdogo wangu anayenisaidia kubeba. Tunazunguka Tanga mjini, Muheza, Pangani, mara mojamoja Korogwe. Kama na wewe una muziki wa namna hii na huna fundi wa kumwamsha usiku, fanya kama ninavyofanya sasa.

Ukumbini sifungui spika. Ndani ya besi ya aina hii umeme wa ukutani wa volti 230 hugeuzwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa, hapo unafika kama volti 325, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Uwe na mikono ya jasho, sakafu imemwagikiwa soda, na giza juu yake? Hapana. Najipa dakika tano, wimbo mmoja na kipande, na nakagua kwa nje tu.

Naanza na taa ya nyuma. Kama haiwaki kabisa, nashuku waya wa umeme kabla ya kushuku besi. Ni waya ule ule wa kompyuta ya mezani, na besi inavyotetemeka inausukuma nje kidogo kidogo mpaka unalegea. Usukume ndani kwa nguvu. Bado? Chomeka waya wa besi nzima. Bado? Pima soketi kwa mita ya kupimia volti. Usipime kwa kuchomeka chaja ya simu, maana chaja nyingi zinafanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo kuwaka kwake hakukuambii lolote. Pangani niliwahi kukuta volti 168 kwenye ekstensheni iliyovutwa kutoka nyumba ya tatu, ambako friji mbili za soda zilikuwa zinanguruma. Simu za wageni zilikuwa zinachaji raha mustarehe, besi zangu zinawaka na kuzima kila mdundo ukipiga. Nikahamisha waya kwenye nyumba ya jirani, besi zikafufuka.

Halafu fyuzi. Mara nyingi iko kwenye kijidroo kidogo palepale waya wa umeme unapoingia. Chomoa waya kwanza. Weka fyuzi yenye namba ileile iliyoandikwa mgongoni mwa spika, na kama imeandikwa herufi T, yaani inayochelewa kukatika, nunua ya T. Nina kibati cha peremende kimejaa fyuzi hizo. Ikikatika tena papo hapo, basi. Kuna shoti ndani, na fyuzi ya tatu haitaponya kitu. Najua unachowaza sasa: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Niliifanya mwaka wangu wa pili wa kazi. Besi ililia dakika nne, ikatoa moshi, na bodi ambayo fundi angeirekebisha kwa elfu arobaini ikawa ya kutupa.

Taa ikiwaka lakini sauti hakuna, badilisha kitu kimoja kimoja. Chukua waya wa sauti unaoingia kwenye besi nzima, uchomeke kwenye ile iliyonyamaza. Ikiimba, shida ni waya au tundu la miksa. Isipoimba, shida ni besi yenyewe. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa kibovu, na utarudi nyumbani na waya kumi usiojua upi wa kutupa.

Taa nyekundu inayong'ang'ania ni besi inayojilinda, mara nyingi kwa joto. Hapo nawatazama wapambaji. Wapambaji wa kumbi zetu wana ugonjwa wa kuvisha kila kitu kitambaa, na mgongo wa besi ndiko joto linakotokea. Zima, vua nguo hizo, subiri dakika kumi huku spika za juu zikiendelea peke yake, washa tena.

Na kama besi zote mbili zinapiga lakini mdundo hausikiki, angalia kiswichi kilichoandikwa 0 na 180. Kikiwa 0 kwenye moja na 180 kwenye nyingine, moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na katikati ya ukumbi zinafutana. Kiswichi hiki hubonyezwa na goti la mbebaji. Nimeshaitwa na DJ mwenzangu wa Makorora, Tanga mjini, kuja kuona "besi iliyokufa", nikaifufua kwa ncha ya kalamu.

Dakika tano zimekwisha, besi bado kimya? Iache. Sasa kazi ni kuizunguka.

Hapa ndipo nilipofeli Muheza, kwa hiyo soma taratibu. Wengi tunatoa sauti kwenye miksa, inaingia kwenye besi, kisha inatoka kwenye besi kwenda spika ya juu. Nyuma ya besi kuna matundu ya kutokea ya aina mbili. Moja linapitisha sauti kama ilivyokuja, pini kwa pini, na hilo huendelea kupitisha hata besi ikiwa haina umeme. La pili, ambalo huandikwa namba kama 100 Hz (mitetemo mia kwa sekunde) au huchorwa mstari unaopanda, linapitia kichujio cha ndani, na kichujio hicho kinahitaji umeme wa besi. Besi ikifa, spika ya juu inakufa nayo ingawa ni nzima. Spika yangu ya juu ilikuwa nzima kabisa; nikihangaika na mgonjwa, nikamzika na aliye hai.

Dawa yake ni waya mmoja mrefu wa sauti wa pini tatu, mita 10 au 15, unaobaki kwenye begi siku zote. Shusha sauti ya miksa, chomoa waya kwenye besi iliyokufa, vuta mpya kutoka miksa moja kwa moja hadi spika ya juu. Kama spika zako za juu ziliwekwa kwenye mpangilio wa kufanya kazi na besi, zirudishe kwenye mpangilio wa sauti kamili, la sivyo zitasikika kama redio ya mkulima. Ila ukiwa na besi moja nzima, ziache zilivyo na besi hiyo ipokee sauti ya pande zote mbili, kushoto na kulia.

Besi mbili zilizokaa pamoja zikipungua moja, umepoteza desibeli 6, kipimo cha ukubwa wa sauti. Usijaribu kuzidai kwa iliyobaki. Kupata desibeli 6 kutoka kwenye besi moja kunahitaji nguvu mara nne, na haina nguvu hiyo. Ina koili tu, yaani waya uliosokotwa ndani ya spika, ya kuungua. Ihamishe. Itoe juu ya jukwaa, iweke sakafuni, mgongo karibu na ukuta, au bora zaidi kwenye kona iliyo karibu na wachezaji. Kuta na sakafu zinarudisha mdundo mbele, na utashangaa ulichokirudisha bila kugusa sauti.

Zikifa zote mbili, punguza sauti nzito za chini kabisa kwenye miksa, zile za chini ya 50 Hz, maana spika ya inchi 12 inahangaika nazo bila mtu kuzisikia. Kisha chagua nyimbo kwa akili. Amapiano weka pembeni, bila besi inabaki kama pilau isiyo na nyama. Taarabu inakuokoa, kwa sababu watu wamekuja kwa maneno na vinanda. Dansi la zamani lenye magitaa nalo linapendeza. Na singeli, kinyume na wanavyodhani wengi, haiumii sana: ilikulia kwenye spika mbovu za uswahilini na mbio zake zinabebwa na vinanda na mdomo wa msanii.

Wakati huo mwenye shughuli atakuja. Usimfiche. Namwambia, "Mama, besi moja imezima, muziki unaendelea, kesho nitakuja tuongee hesabu." MC namwomba asitangaze. Mgeni asiyeambiwa hajui.

Kesho yake, mchana, besi ikiwa imelala bila umeme usiku kucha, ndipo bisibisi inapotoka. Fungua spika yenyewe kwanza, achana na bodi. Chomoa waya zake mbili upime ukinzani wake, yaani omu, kwa mita: spika ya omu 8 itasoma kama 6, ya omu 4 itasoma 3 na kidogo. Isiposoma kitu, koili imekatika. Kisha weka viganja viwili kwenye koni, pande mbili, usukume polepole. Ikikwaruza, au ikinuka kama rangi iliyoungua, koili imepikwa. Spika ikiwa nzima, mbovu ni amplifaya. Hapo angalia vibanio vya waya. Sisi wa pwani chumvi ya baharini inavitia kutu ya kijani, na mitetemo inavilegeza. Mara mbili nimeponya besi kwa kuchomoa kibanio, kukikwangua, kukirudisha.

Ya Muheza haikuwa hivyo. Umeme wa jenereta ulipanda, ukaua kijidude kidogo kinachokaa mlangoni mwa bodi ili kife badala ya vingine, na kikifa kinapiga shoti. Fundi alikibadilisha pamoja na fyuzi. Mweleze fundi kilichotokea, usiseme tu "imeharibika": ilizima jenereta ilipowaka, fyuzi mpya ikakatika hapohapo. Piga picha za bodi kabla hujamwachia, na omba akurudishie vifaa alivyotoa. Besi ya mtumba kutoka Marekani au Japani itazame kiswichi cha volti kabla ya yote, kwa sababu kule wanatumia 120 na 100. Nyingine hazina kiswichi kabisa.

Bodi ikishindikana, wapo watakaokushauri uitoe na kuendesha spika kwa amplifaya ya nje. Inawezekana, lakini kichujio na ulinzi vyote viliondoka na bodi. Bila kuweka kichujio kingine, besi itaanza kuimba maneno, na hakuna kitakachoizuia koni kuruka kupita kiasi.

Siku hizi umeme ukikatika, mdogo wangu anakimbilia miksa na mimi nakimbilia soketi za spika, tunazima kila kitu. Jenereta inawashwa, inatulia, napima, inasoma kati ya 220 na 240 ndipo nawasha miksa, halafu besi, halafu spika za juu. Kuzima ni kinyumenyume, spika kwanza. Waya wangu wa umeme ni wa milimita za mraba 2.5; ule mwembamba wa mita 50 ulikuwa unanila zaidi ya volti kumi besi zikifanya kazi.

Besi iliyotoka kwa fundi haiendi moja kwa moja kwenye shughuli. Naiweka uani kwangu, naipigia kwa muda wa saa mbili kwa sauti ya kazini, mkono mgongoni mwake nikisikiliza joto, na ninaanza saa nne asubuhi jirani akishaenda sokoni.