Pima umbali wa tetemeko kwa saa ya mkononi

Tetemeko la usiku wa 12 Agosti 2020, lililoanzia baharini kusini mashariki ya Dar es Salaam, lilisikika hadi Unguja. Likija jengine, saa yenye mshale wa sekunde itakwambia limetoka mbali kiasi gani, mradi ujue mawimbi yake yanavyofuatana.

La kwanza ni wimbi la P. Linaisukuma na kuivuta ardhi kwa kuelekea linakokwenda, kiasi cha kilomita 6 kwa sekunde. Utasikia mtikisiko mfupi, kama lori limepita nje, na vikombe kabatini vitagongana. Anza kuhesabu hapo hapo.

Linalofuata ni la S, kama kilomita 3.5 kwa sekunde, nalo hutikisa ubavuni. Ukitaka kuliona, funga kamba ya makumbi ya mita 5 nguzoni, ishike ncha nyengine, uitikise mkono mara moja. Tuta litakimbia hadi nguzoni, lakini kamba yenyewe imecheza pembeni tu. Ukiikaza mno, tuta halionekani. Ukiilegeza mno, linafia njiani. Maji hayawezi kubeba mtikiso wa namna hii, ndiyo maana aliye ndani ya dau hupata P peke yake.

S likifika, acha kuhesabu, kisha zidisha sekunde kwa 8. Sekunde 15 ni kilomita 120 hivi. Wengi hukosea kwa kuanza kuhesabu taa inapoanza kuyumba, na hapo S limeshafika. Kwa matetemeko ya mbali sana usiitumie 8: mawimbi yanapita kina kirefu, kwenye miamba inayoyaharakisha.

Nyuma kabisa huja yanayotambaa juu ya ardhi. La Love hupeleka msingi wa nyumba kushoto na kulia. La Rayleigh huuzungusha kama ngarawa juu ya mawimbi, ila kinyume na maji yanavyozunguka. Haya ndiyo ya kuogopwa, hasa kwenye ardhi ya kujazwa kama Darajani, mjini Unguja, palipokuwa na mkono wa bahari, kuliko juu ya jiwe la matumbawe.

Saa moja haitoi upande. Pata umbali kutoka vituo vitatu vya kupimia matetemeko, kisha kwenye ramani chora kwa bikari duara kuzunguka kila kimoja, kwa umbali wake. Duara hizo hazikutani nukta moja, zinaacha kipembetatu, kwa sababu tetemeko limeanzia chini ya ramani. Kipembetatu kikiwa kikubwa, kagua kwanza sekunde za P.