Somo: Kumwandikia mhariri barua itakayojibiwa

Wengi wetu katika kazi ya uhusiano wa umma huona kazi imekwisha taarifa kwa vyombo vya habari ikishatumwa. Ukweli ni kwamba taarifa hutumika au kutupwa kutegemea barua fupi inayoibeba, ile ya kumshawishi mwandishi mmoja kwamba wasomaji wake wanaihitaji habari hiyo. Leo tunaishughulikia barua hiyo.

Hatua ya 1: Hakikisha una habari. Kilichobadilika ni nini, kinamgusa nani, na kwa nini itoke sasa? Swali la tatu ndilo linaloangusha mapendekezo mengi. Ukikosa jibu, mshauri bosi alipie tangazo. Mwaka 1906 Ivy Lee, mmoja wa waasisi wa taaluma hii, aliwatumia wahariri tamko akiwaambia kwamba wakiona jambo lake linastahili kwenda idara ya matangazo, wasilitumie. Mwaka huohuo, baada ya ajali ya treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania karibu na Atlantic City, aliwapeleka waandishi eneo la tukio wakati ambapo kampuni za reli zilizoea kuficha.

Hatua ya 2: Chagua mtu, si chombo. Soma au sikiliza kazi zake za karibuni, ujue yuko dawati gani. Barua iliyoanza na “Ndugu Mhariri” huku anuani za wenzake zikionekana zote juu haina wa kuijibu.

Hatua ya 3: Andika. Anza na mada ya baruapepe, maana wengi hawafiki mbali zaidi ya hapo. Linganisha hizi:

“Taarifa kwa vyombo vya habari: Uzinduzi wa mradi wa maji”

“Maji ya bomba kufika vijiji vitatu mwezi huu, mhandisi yuko tayari kuhojiwa”

Ya pili imeshamfanyia mwandishi nusu ya kazi: ana tukio, ana wahusika, ana mtu wa kuzungumza naye. Aya ya kwanza ijibu nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Kisha weka takwimu moja pamoja na chanzo chake, jina na cheo cha msemaji, na namba ya simu ambayo kweli inapokelewa. Futa “yenye hadhi ya kimataifa” na ndugu zake wote. Maneno 200 yanatosha. Picha zipeleke kwa kiungo, usizibandike zikajaza sanduku lake.

Hatua ya 4: Fuatilia mara moja, baada ya siku moja au mbili, ukiwa na kitu kipya mkononi. “Umeipata baruapepe yangu?” si kitu kipya. Na usipige wakati chumba cha habari kinakimbizana na muda wa kufunga kurasa.

Maswali ya wanachama

Mkurugenzi anataka jina lake liwe mstari wa kwanza. Nifanyeje?
Mpe nukuu nzuri aya ya pili au ya tatu, yenye msimamo. Nukuu ya “tumefurahi sana” huwa ya kwanza kukatwa, hata kama ni ya mkubwa.

Nikimwambia mwandishi “hili usininukuu,” amefungwa?
Mkikubaliana kabla hujasema, ndiyo, kwa maadili ya kazi yake. Ukisema kwanza ndipo uombe, umechelewa.

Akiomba pesa ili habari itoke?
Usitoe. Kanuni za maadili za IPRA, chama cha kimataifa cha uhusiano wa umma, za 2011 zinakataza kuvihonga vyombo vya habari, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Usafiri wa pamoja kwenda eneo la mbali, uliotangazwa wazi kwa wote, ni jambo jingine.

Naruhusiwa kuomba kusoma habari kabla haijatoka?
Usiombe. Jitolee kuhakiki takwimu na majina, hilo wengi hulipokea.

Nitajijengeaje jina wakati kazi yangu ni kutangaza wengine?
Wasifu mtandaoni unasaidia, lakini soko lako la kwanza ni waandishi wenyewe. Pokea simu hata siku habari ni mbaya. Usipojua jibu, sema utalitafuta, na urudi kwa saa uliyoahidi. Habari isipokuwa yako, mwelekeze kwa mwenye nayo. Hata ukihama kazi, namba yako hawaifuti.