Kumtafuta Korongo Taji Kabla Trekta Halijaingia Kiwanjani

Kiwanja chenye majimaji kikitengwa kuwa bustani ya umma hapa Nairobi, anaitwa kwanza mpima ardhi, kisha mchoraji. Sisi tunaochunguza ndege wa porini tunaitwa mwishoni na kupewa wiki moja ya kuwatafuta. Ikatae hiyo wiki moja.

Hatua ya 1: Fuata maji. Korongo taji, ndege ambaye tangu 2012 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inamhesabu kati ya walio hatarini kutoweka, hutengeneza kiota ndani ya kinamasi, juu ya matete na ndago alizozilaza mwenyewe. Kinamasi kikikauka, hatagi hapo. Nenda kiangazi, urudi masika, Machi hadi Mei, na tena wakati wa vuli.

Hatua ya 2: Uliza wenyeji. Kazi yangu ya kwanza niliifanya Februari, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Nikaandika "hayupo". Naondoka hivi, mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe akaniita: "Mwanangu, unamtafuta yule wa shungi la dhahabu? Huyo huja kulala juu ya mti ule, giza likikaribia." Jioni nikarudi. Walikuwa wanne. Ile karatasi niliichana.

Beba picha za ndege watatu au wanne, si mmoja. Ukitaja "korongo" tu, wengine watakuelekeza kwa marabu wale wa jaa la Dandora. Mwache mwenyewe aonyeshe kidole.

Hatua ya 3: Hesabu. Chagua vituo unavyoweza kuvifikia bila kukanyaga matete, ukae dakika kumi kila kimoja. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maliza saa tatu. Jioni kaa mbali kidogo na miti mirefu kuanzia saa kumi na moja hadi usione tena. Andika idadi, saa, hali ya hewa, walikotokea na walichokuwa wakifanya. Dume na jike wanafanana, usijisumbue kuwatofautisha. Makinda ni ya kahawia na shungi lao ni fupi. Hayo yaandike kwa mstari wake, maana kinda asiyeweza kuruka hakutoka mbali.

Hatua ya 4: Kiota, bila kukigusa. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanavaa gambuti na kuingia kinamasini moja kwa moja. Korongo akikusikia, hunyanyuka kiotani kimyakimya, akatembea mbali kabla ya kuruka, nawe ukabaki ukipekua mahali asipokuwa. Huku nyuma mayai yanapigwa jua na kunguru wanaangalia.

Kaa mahali palipoinuka na darubini. Mmoja akionekana anakula peke yake kila siku eneo lilelile, mwenzake huenda ameatamia. Subiri wapokezane, kisha piga kwenye ramani mstari wa mwelekeo kutoka vituo viwili tofauti. Inapokatana mistari ndipo penyewe. Mayai huwa mawili au matatu, na kuatamia huchukua kama mwezi mmoja. Makinda hutoka kiotani mapema lakini hukaa miezi miwili au zaidi kabla ya kuruka, kwa hiyo mkandarasi asikuambie "wameshaanguliwa, tuanze".

Mahali penyewe pa kiota usipaweke mtandaoni, hata kwenye kundi la marafiki. Korongo hawa hukamatwa wangali wadogo na kuuzwa wafugwe.

Hatua ya 5: Ripoti. Matokeo yaingie katika tathmini ya athari kwa mazingira inayopelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, pamoja na siku ambazo hukuona kitu. Weka ramani mbili: ya ndege na ya mchoro wa bustani, moja juu ya nyingine. Mara nyingi utakuta bwawa la mashua limechorwa juu ya kinamasi, na taa ndefu chini ya mti wa kulala. Sogeza taa. Njia ya watembeao ipite upande mkavu. Matete yabaki, hata kama mchoraji anayaita magugu.