Somo: Umeme wa chipu ya USB ISP1105 na hali zake tatu

Wakuu, salaam. Kila wiki naletewa bodi naambiwa "chipu ya USB imekufa". Nikipima nakuta chipu ni nzima, ila imekosa umeme upande mmoja. Leo tuishike ISP1105 ya Philips. Hii ni transiva: kazi yake ni kupokea na kurusha mawimbi kati ya prosesa na nyaya mbili za USB, D+ na D-.

Kabla ya yote, elewa kwamba chipu hii ina milango miwili ya umeme. VCC(5.0) ni ya upande wa kebo, VCC(I/O) ni ya upande wa prosesa. Hali ya chipu inatokana na mlango upi una umeme na upi hauna.

Hatua ya 1. Ukiwa na volti 5 za kebo, zipeleke VCC(5.0), inayopokea 4.0 hadi 5.5. Regyuleta ya ndani (kidhibiti volti) itatoa 3.3 kwenye mguu wa Vreg(3.3). Hapo weka kapasita ya angalau 0.1 µF kwenda grandi, iwe jirani kabisa na chipu. Kama bodi ina 3.3 tu, unganisha VCC(5.0) na Vreg, uzilishe pamoja 3.0 hadi 3.6. Ukishaziunganisha hivyo, tafadhali sana, volti 5 zisifike hapo tena.

Hatua ya 2. VCC(I/O) ichukue palepale prosesa inapochukua umeme wake, 1.65 hadi 3.6.

Hatua ya 3. Weka rezista ya 33 Ω kwenye D+ na nyingine kwenye D-. Kisha rezista ya 1.5 kΩ itoke Vpu(3.3), mguu wa chipu unaotoa 3.3 ya kuvuta laini juu, iende D+ kwa mwendo wa megabiti 12 kwa sekunde, au D- kwa mwendo wa megabiti 1.5. Wengi huifunga rezista hii kwenye Vreg moja kwa moja. Matokeo yake kompyuta inakiona kifaa mara tu kebo inapoingia, prosesa bado inaamka, na maswali ya kompyuta yanakosa wa kuyajibu. Ukipitia Vpu, prosesa yenyewe inapandisha SOFTCON, mguu unaowasha Vpu, ikiwa tayari.

Hatua ya 4. Sasa shika mita.

Hali ya kawaida: milango yote ina umeme. SOFTCON ikiwa juu na laini ikiwa kimya, D+ isome karibu 3.0, kwa sababu 1.5 kΩ inavuta juu huku 15 kΩ ya kompyuta ikivuta chini.

Hali ya kuzimwa: VCC(5.0) ipo, VCC(I/O) haipo. Hapa ndipo chipu nzima zinapotupwa. Mimi mwenyewe nilibadilisha chipu mbili kwenye bodi moja. Kila nikipima, Vreg 3.3 safi kabisa, D+ sifuri. Siku ya tatu nikaweka ncha ya mita kwenye VCC(I/O), namba zikawa zinacheza bila kutulia. Rezista ndogo inayoleta umeme kutoka kwa prosesa, lehemu yake ilikuwa imeachia upande mmoja. Nikaigusa na pasi, D+ ikapanda palepale. Kwa hiyo ukiona 3.3 kwenye Vreg usiishie hapo.

Hali ya kushirikiana: VCC(I/O) ipo, upande wa kebo hauna kitu. Chipu inaziachia D+ na D-, saketi nyingine ya kifaa inaweza kuzitumia kwa mawimbi yasiyozidi volti 3.6, na chipu haitanyonya zaidi ya 10 µA. Kwa simu yenye tundu moja la kazi nyingi, hii ni faida kubwa.

MASWALI

Mkuu, shukrani kwa somo. VCC(I/O) nikiivuta kutoka Vreg si inatosha?

Usifanye hivyo, kaka. Kwanza, lazima ilingane na volti za prosesa. Prosesa ya 1.8 ukiirushia mawimbi ya 3.3 utaiumiza. Pili, kebo ikitoka milango yote inazima kwa pamoja, hali ya kushirikiana hutaiona.

Mwalimu, hali ya kuzimwa na SUSPND ni kitu kimoja?

Hapana, dada. SUSPND ni mguu wa kuisinzisha chipu huku umeme wote upo. RCV, mguu unaoipa prosesa data iliyopokelewa, inashuka chini, lakini VP na VM, miguu inayoionyesha prosesa hali ya D+ na D-, zinaendelea kusikiliza, ndiyo maana kompyuta ikiamsha laini prosesa inajua. Laini ikikaa kimya milisekunde 3, kifaa kinatakiwa kisinzie.

Prosesa itajuaje kebo imechomolewa, na sijaweka waya wa kupima volti 5?

Isome VP na VM. Upande wa kebo ukikosa umeme, chipu inazipandisha zote mbili juu. Kwenye mawasiliano halali ya USB, D+ na D- haziwi juu kwa pamoja, kwa hiyo zikibaki hivyo, kebo haipo. Usiamue kwa kusoma mara moja tu. Soma tena baada ya milisekunde chache, maana kebo ikiwa inatoka huwa inagusa na kuachia.